Kilo Mia Nne na Hamsini

Kaa hapo. Usiniambie unasimama kwa sababu una haraka. Haraka ya kwenda wapi? Kaa, simu ilaze kifudifudi, sikiliza. Mwisho wa stori hii nitakuuliza kitu kimoja, na ukinijibu "ngoja nifikirie", ujue umeshindwa.

Hapo zamani, siyo zile zamani za fisi kuongea, zamani za juzi tu, bando lilikuwa linaisha kama linavyoisha leo, palikuwa na mji mmoja chini ya milima ya Uluguru. Na kwenye mji huo palikuwa na watu watatu wanaojua magari yote ya dunia kwa mdomo.

Kwa mdomo, nimesema.

Wa kwanza Mzee Kilasara, wa gazeti. Miaka thelathini anaandika safu ya magari, ukurasa wa kumi na nne, na picha yake pale juu ameshika miwani kama vile gurudumu kalivumbua yeye. Akiandika gari fulani zito, basi hilo gari limelaaniwa mpaka Dodoma. Yeye mwenyewe kazini alikuwa anakwenda kwa mguu.

Wa pili Radhia Mwinyikondo, wa redio. Jumamosi asubuhi unampigia simu, unaweka simu karibu na injini, yeye kule studio anafumba macho. "Beringi hiyo, kaka. Nyuma kushoto." Na kweli, mara tatu kati ya tano inakuwa beringi, nyuma kushoto. Hizo mbili zilizobaki anasema simu yako mbovu.

Wa tatu Deus Lupembe, wa mtandaoni, watu wanamwita Deus Tairi. Huyu anatoa video za magari, ila gari lenyewe hulioni, unamwona yeye. Ukimaliza kuangalia unajua meno yake yako mangapi, hujui gari lina milango mingapi.

Midomo mitatu. Na mji mzima wenye midomo hiyo ulikuwa na spana moja. Spana yenyewe inaitwa Semeni.

Fundi Semeni, mwanamke wa mikono mikubwa, karakana yake mabati sita na turubai kando ya barabara kuu. Alishawahi kuunda kigari cha kubebea mahindi, kwa vyuma chakavu, peke yake. Kilasara akaandika: "Kina uzito wa kabati la bibi harusi na sura ya choo cha stendi." Radhia akasema redioni: "Kinalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango." Deus yeye alikwenda kabisa akasimama mbele ya kigari, akatabasamu, akasema, "Wanangu, kama unampenda mama yako usimpandishe humu." Watu laki wakacheka. Hakuna hata mmoja kati ya hao laki anayejua kufungua nati.

Semeni aliendelea kuchomelea. Ana kazi.

Sasa siku moja wakaja watu wa barabara na kopo la rangi, wakapiga ile X nyekundu kwenye ukuta wa karakana. Barabara inapanuliwa. Miezi mitatu, halafu greda. Fidia hakuna, kiwanja siyo chake, karatasi hana. Fundi asiye na pa kuwekea mashine ni mtu ameshika spana barabarani tu, watu watadhani mwizi.

Wiki hiyohiyo kamati ya maonyesho ikatangaza mbio za kupanda mlima. Gari la michezo, jepesi, liundwe hapahapa mjini. Mzani usome kilo mia nne na hamsini, isizidi, na dereva akiwa ndani. Muundaji wa gari litakaloshinda anapewa banda kwenye uwanja wa maonyesho. Banda la matofali, mlango wa chuma, umeme wa kuwasha mashine kubwa, lake mpaka afe.

Semeni akafunga karakana mchana kweupe, akaenda kuwatafuta wale watatu. Aliwapata kirahisi. Kulikuwa na uzinduzi wa duka la matairi, na waandishi wa magari kwenye magari huwaoni, unawakuta kwenye sambusa za bure.

Akasimama mbele ya meza yao na ovaroli lake.

"Nyie watatu," akasema. "Kuponda mnajua. Njooni mtengeneze."

Kilasara akafuta midomo. "Binti, mimi ni mwandishi. Kazi yangu ni kutathmini."

"Mzee wangu, shikamoo kwanza. Halafu tathmini hii: miaka thelathini umesema hili zito, lile baya. Zuri linakuwaje? Nichoree."

Radhia akacheka. Deus akatoa simu, akawasha kamera, maana kwake kitu kisiporekodiwa hakijatokea. Na kwa kuwa kamera ilikuwa imewaka, hakuna aliyeweza kusema hapana. Hivyo ndivyo midomo mitatu ilivyoingia karakana. Aibu iliwaleta. Upendo wa magari haukuwepo.

Kilasara akafika na gazeti lake mwenyewe, akageuza ukurasa wa kumi na nne, akachora pembezoni kwa peni. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: alichora kitu cha maana. Fremu ya mabomba membamba, yanapigwa pembetatu kama baiskeli. Injini ya kigari fulani kilichopinduka, inakaa nyuma ya dereva. Kiti ndicho ukuta wa injini. Bomba la ubavuni ndilo mlango.

"Kitu chenye kazi moja kinatoka," akasema. "Kinachobaki kiwe na kazi mbili."

"Na wewe una kazi ngapi, mzee baba?" Deus akauliza.

"Wewe mtoto nyamaza."

Semeni akaangalia mchoro muda mrefu. Yeye amezoea kuunda vitu vya kubeba mahindi. Akaanza kukata. Lakini kila alichoweka, Kilasara anatoa. Akaweka bampa, Kilasara katoa. Akaweka milango, Kilasara katoa. Akaweka chuma kinene cha kupita mbele, toka ubavu mpaka ubavu, kilo sita.

"Hicho cha nini?"

"Barabara ina mashimo, mzee. Bila hicho fremu itapasuka."

"Mbio zenyewe dakika nne, binti. Siyo safari ya Songea."

Semeni alikwenda msibani siku moja tu. Kurudi akakuta chuma kimekatwa, kimetupwa chini, na Kilasara anajifuta vumbi kama kafanya kazi.

Pale Semeni aliwaka. Alichukua chaki akaandika ukutani, chini ya ile X nyekundu: HAKITOKI KITU TENA MPAKA WANNE TUKUBALI. Akawasainisha wote, mmoja mmoja, kwa majina kamili. Akasaini na yeye. Wakakubali. Hiyo sheria ikumbuke, sheria ya Semeni mwenyewe. Itakuja kuwang'ata.

Mabomba yakaisha. Deus akaingia laivu: "Wanangu, leteni vyuma!" Nami nilidhani watamletea matusi. Wakaleta. Fremu za baiskeli za posta, vitanda vya hospitali vilivyotupwa, miguu ya viti vya kanisani, mpaka mtu mmoja alileta antena ya marehemu baba yake akilia. Mabomba mepesi kama nini. Halafu Deus akawa ndiye mjaribuji. Kila alasiri anapanda nalo mlima, anashuka nalo, anarudi uso wote vumbi, anaeleza kona ipi kigari kinateleza, gia ipi inachelewa. Siku moja alitupwa nje kona ya machimbo, ubavu mmoja ukapata ufa. Akajirekodi akiwa chini, ndiyo, mpumbavu ni mpumbavu, lakini kesho yake alipanda tena.

Radhia? Radhia alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho kafumba, anatafuna kashata.

"Huyu amekuja kulala," Deus akasema.

"Nasikiliza," Radhia akasema, macho palepale.

"Unasikiliza kashata."

Wiki mbili. Kigoda, kashata, macho yamefumbwa. Siku ya kumi na tano, Deus anaondoka na kigari, anaingiza gia ya tatu, Radhia akafumbua macho.

"Mrudishe."

"Nini?" Semeni akauliza.

"Mrudishe huyo mtoto. Kuna kitu kinaimba."

"Ni bodi tu, dada. Bati linagonga."

"Bati linagonga. Hiki kinaimba. Semeni, shoga yangu, mrudishe."

Semeni hakusogea. Na hapo Radhia akamwangalia usoni, akaelewa. Akachukua kipande cha msasa, kigari kiliporudi akapiga magoti mbele, akasugua rangi kwenye kiungo, palepale ambapo kile chuma kinene kilikuwa kimekatwa. Chini ya rangi kulikuwa na puti, ule uji wanaozibia mabonde ya bodi. Chini ya puti kulikuwa na ufa unaingia kucha.

Deus akashika mbavu zake. "Nani alipaka hii?"

Semeni akaweka spana chini.

"Dada Semeni. Nani alipaka hii?"

"Mimi," Semeni akasema.

Alieleza. Mtungi wa gesi ulikwisha siku moja kabla kamati haijaja kukagua magari. Gari ambalo halitembei linafutwa. Akaona ufa asubuhi ileile, akaupaka puti na rangi, akasema ni ya siku moja, mtungi ukifika nauchomelea. Mtungi ukafika. Akaogopa kukata rangi mbele yao, wamwone fundi wa kubabaisha, wakamwandike tena. Siku moja ikawa tisa.

"Siku tisa nimepanda mlima juu ya uji," Deus akasema. Mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwasha kamera.

"Ungekufa ningekuzika vizuri," Semeni akasema, halafu akakaa chini akalia, kwa sababu ulikuwa mzaha na hakuna aliyecheka.

"Na nani alikata chuma?" akauliza akilia. "Mzee, nilikwambia itapasuka. Sikukwambia?"

Kilasara akaanza kufuta miwani. Miwani yenyewe ilikuwa safi.

Wakachomelea, wakaweka kipande cha pembetatu, nusu kilo tu, kikashika. Wangeweza kuachana pale. Hawakuachana. Sijui ni moyo au ni kwamba kila mmoja alishawatangazia watu.

Sasa njoo kwenye ujinga wenyewe. Siku tatu kabla ya mbio.

Kilasara akaja na usukani wa mbao. Mninga, umepigwa vanishi, unang'aa kama jeneza la tajiri. Miaka thelathini ameandika kwamba gari la michezo bila usukani wa mbao ni toroli.

"Mzee, si ulisema vitu vitoke?"

"Hiki ni kidogo tu."

Radhia akaja na bomba la moshi, refu, nene, limepindwa mara mbili. Alitaka kigari kiwe na sauti.

"Dada, zito hili."

"Kidogo tu."

Deus akaja na fremu ndefu ya kamera, inayoona gari zima kutoka juu, na taa mbili za kumwangazia dereva usoni. Usoni! Barabara isiangaziwe, uso uangaziwe.

"We Deus, hii nayo?"

"Kidogo tu, dada."

Semeni akafunga vyote. Kwa nini alikubali? Kwa sababu ya puti. Mtu uliyemkalisha siku tisa juu ya uji, akikuomba kitu kidogo tu, unakataa kwa mdomo gani?

Asubuhi ya mbio. Watu wamejaa mpaka juu ya mapaa. Mzani umeletwa, ule wa magunia ya ghala la mahindi. Semeni kavaa helmeti, kakaa ndani ya kigari chake, amenyooka kama bibi harusi. Afisa wa kamati, Bwana Mwakalukwa, akainama, akasoma.

"Mia nne sitini na nane."

"Rudia," Semeni akasema.

"Kilo kumi na nane za ziada, mama. Una nusu saa."

Hesabu haikuhitaji shule. Usukani wa mninga kilo nne. Bomba la Radhia kilo tisa. Kamera na taa za Deus kilo saba. Ishirini. Toa vyote, weka usukani wa zamani wa plastiki na kibomba kifupi cha mwanzo, ambavyo pamoja havifiki hata kilo moja, unapita. Semeni akashika spana.

"Tunatoa."

Kilasara akasimama mbele ya usukani. "Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani, mzee?"

Akatoa gazeti la asubuhi hiyo. Ukurasa wa kumi na nne. "Nimekipandisha kigari hiki mlimani," limeandikwa, "na usukani wake wa mninga ulinitii kama mtoto aliyelelewa." Limechapishwa, linauzwa, watu wanalisoma pale pale. Na Kilasara hajawahi kukalia kigari hicho hata mara moja. Haingii! Amekichora mwenyewe na tumbo lake halipiti kwenye bomba la ubavuni.

"Ukiutoa, mimi ni mwongo mbele ya mji mzima," akasema.

"Wewe ni mwongo sasa hivi!" Semeni akasema. "Radhia, toa bomba."

Radhia akaangalia chini. Kipindi chake kilikwenda hewani saa moja asubuhi. Amewasikilizisha watu ile sauti, amewaambia, "Mkiisikia leo mlimani mtajua ni sisi."

"Deus!"

Deus alishatoa video tangu jana yake. "Taa zetu, wanangu, ndizo za kwanza Afrika Mashariki."

Unaona watu hawa? Watatu wote wameshasifu kabla gari halijashindana. Siyo kosa la bahati mbaya, ndiyo kazi yao. Wanasifu kilichoko kesho, halafu kesho ikija wanailazimisha ifanane na walichosema. Na sheria iko ukutani, kwa mwandiko wa Semeni: hakitoki kitu mpaka wanne wakubali. Kila mmoja alikubali vya wenzake vitoke. Cha kwake hapana. Na vya wawili tu havitoshi, hesabu mwenyewe kama unabisha: kumi na sita, kumi na tatu, kumi na moja. Inatakiwa kumi na nane.

Dakika ishirini zimebaki. Kumi na tano.

Semeni akawaangalia. Akamwangalia Radhia, mwembamba kama fimbo ya kuangulia maembe.

"Radhia, una kilo ngapi?"

"Hamsini na moja. Kwa nini?"

Semeni ana sabini. Akavua helmeti, akatoka ndani ya gari aliloliunda kwa mikono yake, miezi mitatu hajalala vizuri kwa ajili ya kupanda mlima huo mmoja.

"Ingia."

"Mimi? Mimi sijawahi kuliendesha!"

"Leseni unayo. Na umelisikiliza wiki tatu na kashata. Ingia."

Radhia akaingia. Bwana Mwakalukwa akainama. "Mia nne arobaini na tisa."

Magari yalikuwa sita. Moja liliungua klachi kwenye mstari. Moja lilifanana na jeneza na likafa kama jeneza. Radhia akaondoka. Kigari hakina saa ya mizunguko ya injini, Kilasara aliitoa kwa sababu ina kazi moja, kwa hiyo Radhia alibadilisha gia kwa masikio, akifuata sauti ya bomba lake. Mji mzima unasikia ile sauti inapanda, inakatika, inapanda. Kona ya machimbo mkia ukatoka. Watu wakashika vichwa. Halafu sauti ikapanda tena.

Alishinda kwa sekunde kumi na moja.

Waliokuwa wa pili wakapiga kelele: kona ya machimbo amekata njia, afutwe! Deus akatoa kamera yake ile ya kidogo tu, akamwonyesha afisa. Matairi manne yote ndani ya barabara, vinaonekana mpaka vijiwe. Kelele zikaisha.

Basi wakakumbatiana? Wangekumbatiana. Lakini Bwana Mwakalukwa akaja na karatasi, akaiweka juu ya boneti, kule nyuma kwenye injini.

"Banda ni la muundaji wa gari," akasema. "Andikeni jina. Moja."

"Sisi ni wanne," Radhia akasema.

"Ufunguo ni mmoja na mstari ni mmoja. Saa sita nafunga. Mkiacha wazi, banda linakwenda kwa wa pili." Akaweka peni juu ya karatasi isipeperuke.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka.

Kilasara akasema: "Bila mimi, hakuna gari. Huyu binti angeunda kabati lingine. Wepesi wote huu ni wangu. Chuma nilichokikata mimi kimeokoa kilo sita, na bila hizo sita hata Radhia asingepita mzani. Na huo usukani mnaoucheka, muulizeni Radhia kwenye kona mikono ilitoa jasho, uliteleza? Haukuteleza. Miaka thelathini naandika, na watu wanafungia maandazi jina langu. Sijawahi kuunda hata kigoda. Mnataka nife hivyo?"

"Na ufa?" Deus akasema. "Ufa nao siyo wako?"

Deus akasema: "Bila mimi, hakuna gari. Chuma chote kililetwa kwa sababu yangu. Mlima nimeupanda mara arobaini, na mara ngapi kati ya hizo juu ya puti? Mlikuwa mnachora, mnachomelea, mnasikiliza. Mbavu zilikuwa za nani? Na hapa kamera yangu isingekuwepo, sasa hivi banda lingekuwa la wale. Mnanicheka uso wangu. Basi sawa. Uso huo ndio mliouweka mbele."

"Ulijirekodi ukiwa umevunjika," Kilasara akasema.

"Na wewe ulijisifu kabla hujapanda!"

Radhia akasema: "Bila mimi, hakuna gari na hakuna Deus. Ufa nimeusikia mimi, wakati mnasema nimelala. Mlima nimeupanda mimi, gari nisilolijua, na kama nisingekuwa na bomba lile nisingejua gia ibadilishwe wapi. Mshindi ni nani kwenye daftari la kamati? Someni. Mimi."

"Mshindi umekuwa kwa sababu umekonda," Semeni akasema.

Kisha na yeye akasema, taratibu, akipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. "Bila mimi, hakuna gari. Kila kiungo humo nimekichomelea mimi. Nyie mna gazeti, mna redio, mna watu laki. Mimi nina ukuta wenye X, na greda linakuja Jumatatu. Nilitoka kwenye kiti changu kwa sababu mlikataa kutoa vikorokoro vyenu. Mngekubali, ningepanda mwenyewe, na leo tusingekuwa tunabishana."

"Ni kweli," Deus akasema. Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Lakini dada, kwenye hilo banda watu wataleta magari yao. Watu wataweka watoto wao kwenye hayo magari. Na wewe unajua kupaka puti juu ya ufa, halafu ukanyamaza siku tisa ukiniangalia napanda."

Semeni akaangalia mbavu za Deus.

"Nilikuwa naogopa mtaniandika," akasema.

"Tungekuandika," Kilasara akasema, na hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli aliyoitoa siku hiyo.

Bwana Mwakalukwa akaangalia saa yake. Sita kasoro dakika tatu. Kule nyuma wale wa pili wameshaanza kusogea, wanaangalia karatasi kama kunguru anavyoangalia nyama. Wanne wote wamesimama kuzunguka boneti, na hakuna mkono uliokwenda kwenye peni. Midomo mitatu iliyoandika maisha yao yote imeshindwa kuandika jina moja.

Sasa wewe. Usinitazame hivyo, nilikwambia mapema. Usiniambie "waandike wote", mstari ni mmoja. Usiniambie "wagawane", ufunguo ni mmoja. Yule aliyekichora, akakata chuma kikapasuka, hakukipanda akasema amekipanda? Yule aliyekalia hatari siku tisa kwa ajili ya kuonekana? Yule aliyesikia, akapanda, lakini hakushika hata nati? Au yule aliyekiunda chote, akaficha ufa, akatoka kwenye kiti chake?

Dakika mbili. Peni hiyo hapo juu ya boneti, na boneti bado la moto. Wewe ungeandika jina la nani?